Ni Nani Anajua Siri za Nyumba Yako?

Kama bwana yako anafanya kazi Manono, ao Kolwezi, ao kule Misisi kwenye zahabu, na wewe umebaki hapa Katanika pamoja na watoto, kuna siku moja katika mwezi ambayo unaingojea kuliko zote. Ni siku ile simu inalia mara moja tu, unaitazama, na kumbe makuta imefika.

Unavaa kikwembe kizuri, unabeba mtoto mgongoni, unakwenda kwa kijana mwenye meza chini ya mwavuli. Watu watano wamekutangulia. Zamu yako inapofika, kijana anauliza kwa nguvu, kwa sababu masini ya kusaga iko karibu na haijui kunyamaza: "Mama, unatosha ngapi?" Unajibu polepole. Hakusikia. Unajibu tena, na sasa hata wale wanaokunywa chai ng'ambo ya barabara wamesikia. Anaomba karte yako ya uchaguzi, anaandika katika kitabu chake: jina, numero ya simu, numero ya karte, hesabu ya feza, na wewe unatia sahihi. Kitabu kinabaki wazi juu ya meza, na yule anayefuata anaweza kusoma mistari yote ya watu waliopita mbele yake. Kisha, kwa kuwa herufi za simu ni ndogo na miwani ni ya bei, unampa kijana simu afanye mwenyewe, na unamtajia namba ya siri. Namba ya siri, mbele ya watu watano!

Kabla hujaweka sufuria motoni, shemeji amekwisha kupiga hodi. "Tulisikia kaka alituma."

Njo vile tunaishi. Sitaki ucheke, maana hata mimi nimesimama katika mstari ule na masikio yangu hayakuzibwa.

Watu wengi wakisikia habari za siri ya mtu na vyombo vya kisasa wanafikiri mambo ya mbali sana: satelite, wapelelezi, mataifa makubwa. Mambo hayo yako kweli. Mwaka 2013 Mmarekani mmoja, Edward Snowden, alitosha nje hati zilizoonyesha namna shirika la upelelezi la nchi yake lilivyokuwa likikusanya habari za simu za mamilioni ya watu. Lakini siri ya mama wa Katanika haikuibwa na Marekani. Iliibwa na mtu aliyesimama nyuma yake katika mstari, na mtu yule alikuwa jirani.

Wakati wa foni

Wale wa umri wangu wanakumbuka foni. Vijana wanaosoma gazeti hili hawakuijua, basi niwaeleze kidogo. Katika miaka ya 1990 simu za posta ya serikali zilikuwa zimekufa katika miji yetu mingi. Telecel ilikuwa imeanza Kinshasa mwaka 1986, lakini ilikuwa simu ya wakubwa na ya matajiri. Sisi wengine tulikuwa na foni: masini ya redio, betri ya motokari, na waya mrefu uliofungwa juu, kutoka mti mmoja mpaka mti mwingine. Misioni ilikuwa nayo, wafanyabiashara pia. Ulikwenda saa yako, ukakaa juu ya benchi pamoja na wengine, ukangoja mpaka sauti itoke ndani ya kelele: "Kalemie, Kalemie, hapa Manono."

Ukaanza kusema mambo yako. Kifo, uzazi, deni, ugomvi wa mahari, yote mbele ya benchi nzima. Si benchi tu. Kila mwenye masini iliyofunguliwa kwenye sauti ileile alikusikia, awe Kongolo ao Moba. Siri haikuwako hata kidogo.

Kwa hiyo watu walijifunza kusema kwa kuficha. "Mgeni amefika" maana yake mtoto amezaliwa. "Mzee amepumzika" kila mtu alielewa, akavua kofia. Baba mmoja wa kartie yetu alikuwa akiuliza kila mara kama "mbuzi mbili" zimepona. Tulidhani ni mfugaji. Kumbe alikuwa akidai sehemu mbili za mahari ya binti yake zilizobaki! Foni ilitufundisha kupima neno kabla ya kulitosha mdomoni, kwa kuwa tuliwaona kwa macho wale wanaosikiliza.

Tena foni ilikuwa na wema mmoja ambao hatukuuona wakati ule. Haikuandika kitu. Neno lilitoka, likasikiwa, likaenda na upepo. Kama uligombana na mkwe wako siku ya posho, watu walicheka juma zima, kisha wakapata habari nyingine. Hakuna mtu aliyeweza kuja nyuma ya miaka mitano na kusema: "Sikiliza, hii hapa sauti yako."

Simu yetu ya leo ni kinyume kabisa. Unajifungia chumbani, unasema peke yako, unadhani hakuna anayesikia. Na yeye anaandika.

Simu inaandika nini?

Hata kama hupigi mtu, simu yako inasalimiana na antena iliyo karibu, kusudi rezo ijue mahali pa kukupata. Ukipiga, kampani inaandika numero yako, numero ya yule uliyempigia, siku, saa, urefu wa mazungumzo na antena uliyokuwa karibu nayo. Maneno yenyewe hayamo katika orodha hiyo. Lakini fikiri: mtu akiwa na orodha yako ya mwezi mmoja, atajua unalala wapi, unafanya kazi wapi, unashinda wapi siku ya Posho, na ni nani unayempigia usiku wa manane. Hana haja ya kusikia maneno.

Chombo chenyewe nacho kina jina lake. Bonyeza *#06# na utaona numero ya tarakimu 15. Wakongomani wengi waliijua numero ile kwa uchungu, wakati wa RAM, daftari la simu lililoanza mwaka 2020, ambapo yinite zilikatwa bila mtu kuulizwa, mpaka jambo lile likasimamishwa mwaka 2022. Nchi nzima ilikasirika kwa sababu ya yinite. Ni haki. Wachache tu waliuliza swali la pili: orodha ile ya simu zetu zote, nani anaitunza, na kwa kazi gani?

Halafu kuna WhatsApp. Tangu mwaka 2016 mesaji zake zinafungwa kwa kufuli toka simu ya anayetuma mpaka simu ya anayepokea, hata kampani yenyewe haiwezi kuzisoma njiani. Ni vizuri. Lakini njia imefungwa, mlango wa mwisho haukufungwa. Anayepokea anaweza kuipiga foto mesaji yako ikiwa juu ya kioo, akaituma kwa mwingine, na mwingine kwa mwingine. Kufuli halina kazi tena.

Hapo ndipo nilipoanguka mimi mwenyewe.

Kosa langu

Hapa kwetu tuko na grupu la kusaidiana, watu karibu 140, wengi wao ni jamaa ambazo waume wako kwenye machimbo. Mtu akifiwa, tunachanga. Mtu akilazwa, tunachanga. Mimi, kwa kuwa ni mchungaji na watu wananijua, niliwekwa kuwa mmoja wa wanaoandika matangazo.

Siku moja mama mmoja alinijia nyumbani jioni. Alitoka hospitali, walimwambia ugonjwa wake na kwamba lazima apasuliwe upesi. Feza alikosa. Bwana yake alikuwa mbali kazini. Alinieleza yote kama mtu anavyomweleza mchungaji, akalia, akaenda. Nami, moyo wangu ulijaa huruma, nikachukua simu usiku uleule nikaandika katika grupu jina lake, hospitali, kitanda, na ugonjwa wenyewe. Niliuandika kwa neno lake halisi, kusudi watu waelewe kwamba si jambo dogo.

Ugonjwa gani? Hapana, msomaji. Neno lile niliandika mara moja, inatosha. Na kama sasa moyo wako unataka sana kulijua, ujue kwamba ni njaa ileile iliyowafanya watu wa grupu wakimbie nalo.

Watu walichanga vizuri sana. Kabla ya saa sita ya mchana feza ya kupasuliwa ilikuwa imepatikana. Nilifurahi, nikawashukuru wote. Sikujua kwamba usiku ule mmoja wao alikuwa amepiga foto tangazo langu na kulituma kwa ndugu yake aliye machimboni, na ndugu yule anafanya kazi katika ekipe moja na bwana wa mama huyu. Bwana alisoma ugonjwa wa mke wake juu ya simu ya mtu mwingine, mbele ya wachimbaji wenzake, wakiwa wanakula. Hakumpigia mkewe. Alimpigia mama yake mzazi. Kesho yake wakwe walikuwa wamesimama kando ya kitanda, na mgonjwa bado ana maji ya serumu mkononi, wanamwuliza tangu lini alificha.

Nilikimbia kufuta tangazo. Simu iliandika mahali pake kwamba mesaji imefutwa, na hapo ndipo wale ambao hawakuwa wameisoma walianza kuuliza: "Ilisema nini?" Na wale waliokuwa wameipiga foto wakawaonyesha. Kufuta kwangu kulikuwa kama kupiga ngoma.

Alipopona alinijia tena. Hakupaza sauti. Alisema: "Pasta, makuta ilisaidia, asante. Lakini mambo ya mwili yangu, mie ndiye ningemwambia bwana yangu. Ningempigia posho ile, akiwa peke yake. Nilikuwa nimekwisha kupanga namna ya kusema." Kisha akaondoka katika grupu. Bwana alirudi baada ya miezi mitatu, na yale yaliyokuwa kati yao si yangu kuandika.

Nimemsomea ukurasa huu kabla ya kuupeleka kwa gazeti. Mistari miwili alisema niitoshe, nami nimeitosha.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Kama ingekuwa wakati wa foni, ningesimama mbele ya benchi, ningeona macho ya watu, ningesema: "Mama wetu mmoja ni mgonjwa, anahitaji msaada, anayetaka aje kwangu." Basi. Hakuna aliyenilazimisha kuandika ugonjwa. Ila mbele ya simu sikuona macho ya mtu. Niliona kioo tu, na kioo hakionyeshi watu 140 wanaosimama nyuma yake, wala wale wa machimboni wanaosimama nyuma yao.

Na si mimi peke yangu. Tazama namna tunavyogawa unga siku hizi, makanisa na mashirika. Mjane anasimama na kilo zake tano, anaambiwa acheke, anapigwa foto, foto inakwenda Lubumbashi na Ulaya. Je, nani alimwuliza? Na angekataa namna gani, wakati unga uko bado mkononi mwa anayepiga foto?

Orodha za Katanika

Sisi wa Katanika tunajua orodha kuliko watu wengi. Mwaka 2016 na 2017, wakati wa vita kati ya Watwa na Waluba katika jimbo letu la Tanganyika, maelfu ya watu walikimbilia Kalemie, na hapa kwetu wakajenga vibanda vya majani. Kila msaada ulianza na orodha: jina la baba, jina la mama, hesabu ya watoto, kijiji ulikotoka. Orodha ilikuwa ya lazima. Bila orodha mwenye nguvu anachukua mara tatu na mgonjwa anakosa. Sisemi orodha ni mbaya. Lakini mtu aliyekimbia kijiji chake kwa sababu ya kabila lake, akiandika jina la kijiji na la baba yake, ameandika pia kabila lake, hata kama hakuulizwa.

Jirani zetu wa Rwanda walijifunza jambo hilo kwa damu. Ni Wabelji katika miaka ya 1930 walioanza kuandika katika karte ya kila mtu kama ni Mhutu, Mtutsi ao Mtwa. Kwao ilikuwa kazi ya biro tu. Serikali zilizofuata ziliacha maandiko yale palepale. Mwaka 1994, miaka sitini baadaye, karte ileile iliulizwa kwenye vizuizi vya barabara, na watu waliuawa kwa neno moja lililoandikwa na karani ambaye pengine alikuwa amekwisha kufa. Yule karani hakujua anaandika kwa ajili ya nani.

Na ile ilikuwa karatasi. Karatasi inalowa, inaliwa na panya. Orodha za leo ziko katika ordinateri, na ordinateri iko mbali. Mwezi wa kwanza wa 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wezi waliingia katika ordinateri zilizotunza habari zake katika kampani moja ya Uswisi, na kufikia habari za watu zaidi ya 515,000. Watu gani? Wale waliopotezana na jamaa zao kwa vita na misiba, waliopotea, waliofungwa. Msalaba Mwekundu ni watu wanaojua kutunza siri, na wao wenyewe ndio walioutangazia ulimwengu hasara ile. Ikiwa wao waliingiliwa, tufikiri nini juu ya daftari la darasa linaloachwa dirishani, ao fotokopi ya karte zetu za uchaguzi?

Karte hizo tumezizoea tangu 2005. Kwa miaka mingi hatukuwa na kitambulisho kingine, basi tunaitoa kila mahali: kununua karte ya simu, kutosha feza, kuingia kazini. Itazame vizuri leo jioni. Ina uso wako, siku ya kuzaliwa, majina ya wazazi wako, mahali pa asili yako, mahali unapoishi. Mwaka ule wa vita, swali "wewe ni wa wapi?" halikuwa salamu katika barabara zetu. Na fotokopi ya jibu tunaiacha kwa kila anayeiomba.

Majirani wa mashariki wamefanya nini?

Kenya walianza mambo haya mapema. Feza ya simu ilianza kwao mwaka 2007, kwetu ilifika 2012. Taabu pia walizipata mapema. Kulikuja programu za kukopesha feza kwa simu. Unaweka programu, inaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo ndani ya simu, unabonyeza "ndiyo" kwa kuwa una shida. Ukichelewa kulipa, wanampigia mkubwa wako wa kazi, mama mkwe wako, mwalimu wa mtoto, wanawaambia wote kwamba wewe ni mwenye deni asiyelipa. Mwaka 2022 sheria ya benki kuu ya nchi ile ilikataza jambo hilo. Tena Kenya ina sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu, na biro inayoisimamia. Mwaka 2023 biro hiyo ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka nje foto za watoto bila ruhusa ya wazazi, na baa moja ikalipishwa 1,850,000 kwa foto ya mteja. Sikieni, walimu na wenye baa!

Na sisi? Watu wananiambia, "Pasta, Kongo haina sheria ya mambo hayo." Inayo. Sheria ya makosa ya mwaka 1940, tangu wakati wa Wabelji, inaadhibu anayefungua barua ya mwingine, na mfanyakazi anayetosha nje siri aliyoijua kwa kazi yake. Katiba ya 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya ndani, na siri ya barua na ya simu. Na tarehe 13 ya mwezi wa tatu 2023 ilitoka sheria kubwa ya mambo ya kidijitali, inayosema habari za mtu zikusanywe kwa kazi inayojulikana, na mwenyewe ana haki ya kuziona na kuzisahihisha. Karatasi ziko. Lakini ni mama gani wa Katanika atakayekwenda mbele ya mwamuzi kwa sababu kijana wa mwavuli alisema hesabu yake kwa nguvu? Kabla mwamuzi hajafika, tuanze na meza ya mwavuli.

Tulivyoanza

Niliongea na vijana wawili wanaofanya kazi hiyo karibu na sisi. Si watu wabaya. Mmoja alisema: "Pasta, nani aliwahi kutuambia?" Aligeuza meza yake, sasa mstari unasimama pembeni na kitabu kinamwelekea yeye. Kipande cha katoni kinafunika mistari ya juu. Hesabu unaiandika juu ya karatasi ndogo ao unaionyesha juu ya simu, na karatasi unarudi nayo. Katoni haina bei.

Namba ya siri ni jambo gumu zaidi. Wamama wengi hawasomi vizuri, na kuwaambia "usimpe mtu" ni kuwaambia wasile. Basi mfundishe mtoto mmoja wa nyumbani, mkubwa, mwenye akili, ao afadhali mfundishe mama mwenyewe mahali pa kila tarakimu kwa kidole, kama tunavyojifunza njia ya gizani. Nimeona mama mwenye miaka karibu sabini aliyejifunza kwa siku mbili. Alichukua muda mrefu zaidi kuchagua namba.

Machimboni, ninyi mabwana, mnaacha simu kutwa nzima kwenye nyumba ya kuchaji bila kuifunga, na mesaji za mke wako zimo. Unampa kijana wa nyimbo karte ya memori aweke muziki, na foto za jamaa yako zinabaki katika ordinateri yake. Unauza simu ya zamani na kila kitu ndani. Tosha karte ya memori kwanza, futa yote, ndipo uuze. Na ukiacha numero yako bila kuitumia kwa muda mrefu, ujue kampani inaweza kumpa mtu mwingine. Mesaji zako zitamfikia yeye.

Katika grupu letu tulikata maneno: hakuna jina la ugonjwa, hakuna foto ya mgonjwa ao ya maiti, hakuna kitu cha mtu bila yeye kukubali kwanza, na akubali akiwa na nguvu ya kukataa. Mmoja aliuliza, "Sasa watu watachanga namna gani bila kujua?" Mara ya kwanza walichanga kidogo kuliko zamani, sitaficha. Mara ya pili walichanga sawasawa.

Juma lililopita nilikwenda kutosha feza. Mbele yangu alikuwa yule mama. Alimwonyesha kijana karatasi yake, akapokea, akahesabu ndani ya kikwembe, akaikunja karatasi na kuifunga katika pindo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, mbali hatua nne hivi, ninatazama upande wa ziwa. Aligeuka, akaniona nilipo, akanisalimu, akaenda zake.